Hodi Juu ya Barafu

Mwanangu Vumilia,

Barua yenye adabu huanza kwa kuulizana hali, lakini wewe uko chumba cha pili na nakusikia ukilikalia begi ili zipu ifunge. Hali yako naijua. Yangu utaijua kabla hujamaliza karatasi hizi. Mambo ya pasi, chanjo, dawa za malaria na nani atakupokea Dar, mama yako ameyashughulikia yote, na akikumbuka jingine atakuamsha akuambie. Mimi sina maagizo. Nina jibu tu la lile swali lako la Jumapili.

Tulikuwa tumetoka kanisani, wewe na mimi tumesimama nyuma ya nyumba tukitazama bwawa. Pa kutazama penyewe hapakuwepo, theluji tupu, na katikati ule mduara mdogo mweusi unaofuka mvuke. Ukasema, "Baba, si nisubiri tu mpaka spring? Kazi watanielewa. I can change the ticket." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema unataka uwaone samaki wakiamka kwanza, ndipo uondoke na moyo uliotulia. Nikakohoa, nikasema twende ndani, chai inapoa. Tangu siku hiyo unanichungulia kama mtu anayengoja majibu ya hospitali, na mama yako kaniambia tiketi unaweza kuibadili mpaka kesho asubuhi, na kwamba bado hujaamua.

Kwanza nikuambie kwa nini nilikohoa. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, mtu mzima na mvi zangu, kwa sababu nilijua si habari ya samaki. Jumamosi nilikuwa ngazini, nikakusikia jikoni ukimwambia mama yako: "Wewe unafanya night shift, unalala mchana. Nani atakaa na Baba? He'll just stand there by the pond." Mama yako akasema Baba yako ni mtu mzima. Ukasema, "Mama, unamjua." Kweli ananijua. Na wewe unanijua, ndiyo maana nakuandikia badala ya kuongea. Nikiongea nitakohoa tena.

Habari ya samaki ulikuwemo, lakini ulikuwa na miaka tisa, na uliiona kutoka upande wako. Nataka uipate na kutoka upande wangu.

Wale wazee wawili waliotuuzia nyumba hapa Champlin walikuwa wanahamia kwa binti yao, huko kusini kusikojua theluji. Waliacha mapazia, waliacha mashine ya kukata nyasi, na waliacha samaki. Yule bibi alinishika mkono, akanisimamisha ukingoni mwa bwawa, akanieleza maneno mengi kwa haraka, nami nikawa naitikia yes, yes, kama tunavyowaitikia watu wazima kwetu hata kama hatujaelewa. Maarifa yote niliyoyahitaji yalikuwa mle. Yakapita juu ya kichwa changu kwa sababu ya heshima. Walipoondoka, mama yako akawatazama wale samaki wakizunguka, akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa tutawapa nini?" Wewe ukawapa majina. Yule mkubwa wa rangi ya chungwa, mwenye mwendo wa maringo, ukamwita Shangazi, na dada yangu alipopata habari hizo kwa simu alinuna wiki nzima.

Baridi nilidhani naijua. Mimi mtu wa Njombe, bwana. Nimekulia mahali ambapo mwezi wa saba ukiamka unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi, na watoto tunaenda shule tumeficha mikono makwapani. Nilipofika Minnesota kama mwanafunzi, Watanzania wenzangu kutoka Dar na Tanga walikuwa wakilia, mimi nikiwacheka. Nilicheka mpaka mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo sikumcheka mtu.

Majani yalipoanza kupukutika mwaka ule wa kwanza, niliona samaki wamepooza. Wanapanda juu polepole, wanaonja kidogo, wanaondoka. Kwetu mgeni asipokula vizuri unamwongezea, na akikataa unamlazimisha. Nikawaongezea. Chakula chao cha dukani, makombo ya ugali, hata ndizi niliwamenyea. Sikujua kwamba maji yakipoa, tumbo la samaki nalo husimamisha kazi, na chakula chochote anachokula kinabaki kimekaa ndani. Kisicholiwa kinazama na kuoza. Majani ya mti wa jirani yakaingia bwawani mpaka maji yakawa rangi ya chai, mama yako akaniambia niyatoe, nikamwambia yaache, watajifunika. Ndivyo nilivyosema, mbele ya mashahidi. Nikawa nimewatandikia uozo chini, halafu Mungu akafunga mlango juu kwa barafu.

Ndipo nilipoanza kugonga.

Hili nataka ulielewe, maana najua hukuwahi kulielewa, na sikulaumu. Kwetu huwezi kuamka ukaenda shambani bila kujua jirani yako ameamkaje. Ukipita mlangoni pa mtu kimya, watasema una neno naye. Marehemu babu yako alikuwa anachelewa shamba kwa salamu tu: kamwene huku, kamwene kule, mgonjwa anaendeleaje, mahindi yamefikia wapi, na jua linapanda. Bibi yako akimgombeza anasema, "Sasa nipite kama mbwa?" Mimi nilitoka kwenye ukoo huo nikaja kuishi mtaa ambao jirani anawasha gari akiwa bado ndani ya gereji, mlango unafunguka, anatoka akiwa ameshafunga vioo, anakuinulia kiganja, basi. Watu wazuri. Walitusaidia kuhamisha makochi. Lakini asubuhi sikuwa na wa kumwamkia. Mama yako anarudi kazini nimeshaondoka. Wewe unaamka na kununa, unataka cereal yako na kimya.

Basi nikawa na samaki. Kila asubuhi kabla ya kuelekea ofisini Plymouth nilizunguka nyuma na koleo la theluji, nikafagia kipande cha barafu, nikaligeuza koleo, nikagonga kwa mpini. "Hodi wenyewe! Mmeamkaje?" Barafu ya mwanzo wa msimu ni angavu, unaona mpaka chini. Nikigonga, vivuli vinasogea. Mmoja anaruka pembeni, mwingine anazunguka, Shangazi anageuka taratibu na mkia wake. Nikasema, wazima. Nikaendesha gari mpaka Plymouth nikiimba. Barafu iliponenepa ikawa nyeupe, sikuona tena vizuri, kwa hiyo niligonga kwa nguvu zaidi.

Wewe ulikuja asubuhi moja na buti za mama yako miguuni, umekumbatia kitabu cha maktaba. Ukasimama. Ukaniambia, "Baba, hawakujibu. They're running away from you." Ukanieleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, pua inachuruzika, kwamba wakati wa baridi samaki hulala kule chini kabisa ambako maji hayagandi, hawali kitu, moyo unapiga polepole sana, na wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini tangu kiangazi. Kila wakishtuka wanatumia akiba ambayo hawana pa kuirudishia. Ukasema, "Unawamaliza." Nami nikakukaripia. Nikasema mtoto wa miaka tisa atanifundisha mimi salamu? Nikagonga tena ukiwa umesimama palepale, makusudi.

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haisemi kinachompata asiyesikia la mdogo. Kilichonipata ni kwamba mwezi wa nne barafu ilipoachia kingo, walipanda juu mmoja mmoja, tumbo juu, weupe. Sijui ni wangapi walikufa kwa uozo wangu na wangapi kwa salamu zangu. Nilikuona ukija kutoka ndani na nikajiandaa kusikia "nilikuambia," maana nilistahili. Hukusema. Ulileta ndoo. Tukawaokota pamoja, wewe ukiwataja majina, na tulipokaribia kumaliza ukapiga magoti, ukainama mpaka nywele zikagusa maji, ukasema, "Shangazi yupo." Alikuwa chini ya lile jiwe bapa, amekonda, anapumua.

Tangu hapo nimejifunza, na mambo ya kujifunza siyo mengi. Karibu yote hufanyika kabla ya baridi. Unatandaza wavu majani yasiingie. Maji yakipoa unaacha kulisha, hata wakikutazama kwa macho ya kuomba. Pampu ya hewa unaipandisha karibu na juu, isije ikakoroga yale maji ya chini ambayo ndiyo blanketi lao. Unaweka hita ndogo ya kuelea, nayo kazi yake si kupasha bwawa joto, ni kuacha tundu moja tu wazi, hewa mbaya itoke. Baada ya hapo kazi iliyobaki mpaka mwezi wa nne ni kuwaacha. Hiyo ndiyo iliyonishinda kuliko zote. Kufanya kitu ninaweza. Nipe shoka, nipe ndoo, nipe usiku kucha. Lakini kukaa ndani na chai yangu bila kujua kama wako hai, miezi hiyo yote, na kujua kwamba nikitaka kujua nitawadhuru! Mama yako aliniambia nimekuwa kama mtu aliyeacha sigara.

Unaikumbuka ile wiki ambayo shule zilifungwa kwa baridi, hita ikaharibika na tundu likaziba? Nilishika nyundo. Nilikuwa nimefika nusu ya njia, mama yako akatoka na kanga juu ya koti, akanipokonya. Kupiga barafu kwa nyundo ni kuwapiga wao kichwani, tulikuwa tumeshasoma. Akarudi ndani, akachemsha maji kwenye lile sufuria lake la pilau, lile la sherehe, tukalibeba wawili na kuliweka juu ya barafu. Likakaa. Likaanza kuzama taratibu kwa joto lake. Likipoa, wewe unaleta birika jingine, tunajaza tena. Jirani akasimama kwenye ua wake, akatutazama Waafrika watatu tumelizunguka sufuria linalofuka katikati ya bwawa, akauliza kwa upole tunapika nini. Mama yako akamjibu, "Ice." Nilicheka mpaka machozi yakaganda kwenye kope. Sufuria lilipotoboa, harufu mbaya ikatoka mara moja, na baadaye maji meusi yakatulia. Nilitaka sana kuinama nichungulie. Sikuchungulia. Ukanishika mkono, ukasema, "Good job, Baba," kama mimi ndiye mtoto. Sidhani nimewahi kusifiwa nikaona raha namna ile.

Ungedhani mtu aliyefundishwa hivyo amefundishika. Sikufundishika. Miaka ikapita, ukaenda chuo, Duluth, na mimi nikachukua koleo langu.

Kila asubuhi nilikupigia kabla ya darasa lako la kwanza. "Umeamkaje, mwanangu?" Wewe, "Poa, Baba. I'm good." Nikasema mzima, nikaenda zangu na siku yangu. Hata siku moja sikujiuliza hilo "poa" linatoka wapi. Asubuhi moja hukupokea. Nikapiga tena na tena. Saa tatu nilikuwa barabarani kuelekea kaskazini, nimemdanganya bosi kwamba naumwa tumbo, na kwenye kiti cha pembeni nimeweka chapati za mama yako, maana mtu haendi ugenini mikono mitupu. Ukanifungulia mlango wa bweni na macho mekundu. Ukasema simu ilizima chaji. Mwenzako wa chumbani akatukaribisha, akala chapati tatu, tukaongea habari za theluji. Nikarudi nyumbani nimetulia.

Mama yako alikuja kuniambia baada ya miaka miwili. Kwamba muhula ule ulikuwa unafeli kemia, hulali, umekonda. Kwamba kila asubuhi simu yangu ikiita ulikuwa unakaa kitandani, unavuta pumzi, unatengeneza sauti, ndipo unapokea. Halafu ukishakata unalala tena, huna nguvu ya kwenda darasani. Mama yako alijua kwa sababu yeye hakupiga. Ulimpigia mwenyewe siku uliyokuwa tayari, ukalia saa nzima, na kemia ukairudia ukafaulu. Nilipoambiwa hayo sikuudhika. Nilikwenda nikakaa gereji. Nilikuwa namkumbuka mtoto aliyevaa buti kubwa akiniambia hawanijibu, wananikimbia.

Usinielewe vibaya. Sisemi salamu ni dhambi. Ningekuwa kwetu ningeamkia watu mpaka mbuzi. Nasema kuna wakati mtu anakuwa chini, anajitunza kwa kidogo alicho nacho, na ukimgongea ili wewe upate amani, anakulipa amani hiyo kutoka kwenye akiba yake.

Nikuambie na habari ya bibi yako, maana utalala nyumbani kwake kabla hujaenda kazini Iringa, na hajui kujieleza. Nilipokuwa naondoka kuja huku hakunisindikiza. Ukoo mzima ulitoka mpaka njia kuu, wanakwaya waliimba. Yeye alinipa mkono jikoni, akarudi kwenye maharage yake. Simu zilipofika kijijini, watu wote walinipigia, hata watu nisiowajua, wakitaka salamu na vingine. Yeye hakuwahi kunipigia. Nikipiga mimi anapokea, anafurahi mpaka anapiga kelele, lakini yeye kupiga, hapana. Jambo hilo nilikaa nalo moyoni kama kijiwe ndani ya kiatu. Niliwahi kukuambia bibi yako ana moyo mgumu. Nilikosea, ufute hilo.

Mwezi uliopita nilimuuliza. Nilikuwa nampa habari zako, tarehe na ndege, nikajikuta namuuliza, "Mama, mbona miaka yote hii hujawahi kunipigia?" Akacheka. "Wewe ulikuwa na mitihani. Nikupigie nikuambie mbuzi amezaa?" Nikasema mitihani ilikwisha zamani. Nikasikia kuku nyuma yake. Akasema, "Ningekupigia, ungesikia sauti yangu, ungetaka kurudi. Na ungerudi, wewe nakujua. Nilikuwa nikiitaka sana sauti yako nakwenda kulima." Kisha akaniuliza kama Vumilia anakula maboga, akakata simu.

Mwanangu, nimelia. Nakuambia wazi. Shamba lote lile, viazi vile vyote tulivyokuwa tunashangaa mwanamke mmoja anawezaje.

Sasa jibu lako. Usibadili tiketi.

Nasema hivi na sitaki uende. Yote mawili ni kweli na sijui jinsi ya kuyapatanisha. Nimekaa hapa mezani nasikia nyayo zako juu ya sakafu na nimeanza kuzikumbuka kabla hazijaondoka. Nitazikosa. Nitakosa unavyoacha vikombe kila mahali, unavyonijibu Kiingereza nikikuuliza kwa Kiswahili, unavyoniita "Babaaa" nikikuaibisha dukani kwa kuomba kupunguziwa bei. Na juu ya hayo nina wivu. Unaenda kuamka kwenye baridi ile ndogo ya kwetu, yenye moshi wa kuni na harufu ya udongo uliolowa, na watu usiowajua watakusimamisha njiani wakuulize umeamkaje, baba yako hajambo, huko kwenu mvua ipo? Watakuchelewesha kazini. Utakasirika. Mimi ningetoa chochote nikasirishwe hivyo asubuhi moja tu.

Lakini ukisubiri mpaka majira yageuke, utakuwa umesubiri kwa ajili yangu, na mwezi wa nne ukifika nitapata ugonjwa mwingine wa kukuzuia. Najijua. Nitaumwa mgongo. Nitakuwa na jambo la kanisani lisilowezekana bila wewe. Sitadanganya hata kidogo. Mgongo utauma kweli. Na wewe utabaki hapa unajitengenezea sauti ya asubuhi, "Poa, Baba," mpaka hiyo kazi wampe mwingine.

Samaki wanaweza wakafa na wanaweza wakapona. Shangazi amezeeka, mwaka huu baridi ni ya kuua, mimi na wewe hatuna tunaloweza kumwongezea. Alipona mwaka ambao nilifanya kila kosa linalofanyika, na wengine walikufa miaka niliyofanya kila kitu sawa. Kubaki kwako hakutambadilishia kitu kule chini. Barafu ikiondoka nitakuambia ukweli wowote nitakaoukuta, sitakupambia maneno.

Mimi nitaishi. Jumanne na Alhamisi nimekubali kwenda na Mzee Komba wa kanisani, yule Mngoni mwenye maneno mengi, kuwapelekea chakula wazee wa Brooklyn Park wasioweza kutoka. Ananitafuta tangu kiangazi, nilikuwa nampiga chenga. Kazi yenyewe, anasema, ni kubisha hodi kwenye milango ya watu wanaongoja kubishiwa hodi. Nikaona hiyo nitaiweza.

Sitakupigia kila asubuhi. Nitajaribu, yaani. Siku nitakayoshindwa, usipokee, na usijisikie vibaya. Wewe ukinihitaji piga saa yoyote, na usivute pumzi kwanza. Nipigie ukiwa na hiyo sauti mbaya. Sitapanda ndege na chapati. Nitasikiliza tu.

Limebaki jambo moja, nalo nakuomba unisaidie, maana peke yangu sitaliweza. Kwetu mgeni akiondoka anasindikizwa, na mwenye kusindikiza hajikatizi. Hata akichoka, hata giza likiingia, anaendelea kutembea tu, kwa sababu kusimama mwenyewe ni kumwambia mtu, nimekuchoka. Msafiri ndiye husimama, akageuka, akasema, umenifikisha, rudi sasa. Ni wajibu wake. Asiposema, mwenzake atatembea mpaka miguu iishe.

Kesho pale uwanja wa ndege, nitabeba begi lako ingawa lina magurudumu. Nitakuuliza pasi iko wapi na nitakuuliza tena. Tutafika pale wasiosafiri wasiporuhusiwa kupita, nami nitajifanya sijaona kibao, nitaendelea kutembea. Wewe simama, Vumi. Geuka, unitazame usoni, uniambie, "Baba, umenifikisha, rudi sasa." Uniambie kwa Kiswahili, maana ukisema Kiingereza nitajifanya sikusikia.

Nami nitarudi.

Baba yako